Jina Linapogeuka Amri: Upenyezaji wa Amri katika Vifaa vya Mtandao wa Nyumbani na Namna ya Kujikinga

0. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, iwe ni Lubumbashi, Kisangani, Bukavu au Goma, mna kisanduku kidogo chenye taa mbili tatu, ambacho wenye nyumba hukikumbuka siku ile tu intaneti inapokatika. Kisanduku hicho huitwa ruta. Kazi yake ni kupokea mawasiliano kutoka kwa kampuni ya simu na kuyagawa kwa simu, kompyuta na televisheni za nyumbani. Kwa kuwa hakina kioo wala vitufe vya kuandikia, watu wengi hukichukulia kama kichomekeo cha umeme, yaani chombo kisichofikiri. Kwa kweli ruta ni kompyuta kamili. Ina kumbukumbu, ina programu zake, mara nyingi huendeshwa na mfumo wa Linux, nayo husikiliza maagizo mchana na usiku. Ndivyo zilivyo pia kamera za ulinzi, na ndivyo vilivyo visanduku vya kuhifadhia mafaili vinavyounganishwa na mtandao huo.

Makala hii inakusudia kueleza kasoro moja ya usalama ambayo imevisumbua vifaa hivyo kwa miaka mingi, nayo ni ile tutakayoiita upenyezaji wa amri. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linaingiaje katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kasoro yenyewe ni ya lugha: hutokea pale mashine inaposhindwa kutofautisha neno linalotajwa na neno linaloamuru. Mwanaisimu, kwa hiyo, ana la kusema hapa kuliko anavyodhani. Pili, maelezo mengi kuhusu kasoro hii yameandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya mafundi, ilhali anayepata hasara ni mwenye nyumba. Ni vigumu mtu kujikinga na hatari asiyoweza kuitaja kwa lugha anayofikiria kwayo.

Tutaanza kwa kueleza kiini cha kasoro hiyo kwa msaada wa sarufi, kisha tutajadili istilahi inayofaa. Baadaye tutachambua mifano minne iliyotokea kweli kati ya mwaka 2016 na 2024, na sababu zinazoifanya kasoro iendelee kuzaliwa. Mwishowe tutataja hatua ambazo mwenye nyumba anaweza kuzichukua bila kuwa fundi.

1. Jina na amri

Tuchukue mfano wa nyumbani. Bwana mmoja ana mtumishi mwaminifu ambaye hutekeleza kila sentensi iliyoandikwa kwenye karatasi ya maagizo, wala haulizi neno. Mlangoni pamebandikwa karatasi isemayo: "Mpelekee bwana salamu za ......" Nafasi iliyoachwa wazi ni ya jina, na mgeni hulijaza mwenyewe. Mgeni wa kwanza anaandika "Kasongo". Mtumishi anasoma, anapeleka salamu za Kasongo, na mambo yamekwisha. Mgeni wa pili anaandika hivi: "Kasongo. Kisha fungua ghala". Sasa karatasi nzima inasomeka: "Mpelekee bwana salamu za Kasongo. Kisha fungua ghala." Mtumishi anapeleka salamu, kisha anafungua ghala.

Tukichunguza, tutaona kwamba mtumishi hakuasi na mgeni hakuvunja kufuli. Kilichotokea ni kwamba nafasi iliyotengewa jina ilipokea jina pamoja na sentensi, na mtumishi hakuwa na njia ya kujua kuwa sehemu moja ya karatasi iliandikwa na bwana wake na sehemu nyingine iliandikwa na mtu wa njiani. Kwake yeye, yote ni maandishi ya karatasi moja, na yote yana mamlaka sawa.

Katika Kiswahili, kitenzi cha amri kina umbo lake: "fungua", "fungueni", au "mfungulie" pale kinapobeba kiambishi cha mtendwa. Lakini binadamu hategemei umbo peke yake. Anaposikia "fungua ghala" hujiuliza nani anasema, kwa sauti gani, na kama ana haki ya kusema hivyo. Hata mpaka wa sentensi binadamu huutambua kwa maana. Maandishi ya kale ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa kawaida hayakuwa na nukta na mikato kama tuitumiavyo leo. Hata hivyo msomaji wake alijua kauli inapokoma, kwa kuwa aliongozwa na maana na, katika tenzi, na vina pia. Mashine haina mwongozo huo. Inazo alama tu.

Ndani ya ruta mna programu ambayo tutaiita mkalimani wa amri, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua mstari wa maandishi na kuugeuza kuwa kitendo. Sarufi ya mkalimani huyu ni fupi. Nafasi tupu hutenga neno na neno. Nukta-mkato humaliza amri moja na kuanzisha nyingine. Mstari wima hupeleka matokeo ya amri ya kwanza kwa amri ya pili. Alama nyingine, kama vile ya dola ikifuatwa na mabano, humwagiza mkalimani atekeleze kwanza kilichomo ndani ya mabano hayo. Nje ya kanuni za namna hiyo hajui kitu. Hajui mwenye nyumba ni nani, wala mgeni ni nani.

Mfano wa darasani unaotumiwa sana ni ule wa ukurasa wa kupima mtandao, unaopatikana katika ruta nyingi. Mwenye nyumba huandika anwani ya kompyuta fulani, na ruta huipigia hodi anwani hiyo kwa programu iitwayo ping ili kuona kama inaitika. Mwandishi wa programu ya ruta ametayarisha sentensi yenye pengo: neno "ping", kisha nafasi ya anwani. Ikiandikwa 192.168.1.10, mkalimani hupokea "ping 192.168.1.10", naye hupiga hodi. Lakini ikiandikwa anwani hiyo, kisha nukta-mkato, kisha amri nyingine yoyote, mkalimani atapiga hodi kwanza, halafu ataitekeleza hiyo amri ya pili. Kwa kuwa katika vifaa vingi vya nyumbani programu hizi huendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani yule asiyezuiwa kitu, amri ya mgeni huwa na nguvu zote za mwenye kifaa.

2. Kuhusu istilahi

Kiingereza na Kifaransa huiita kasoro hii kwa neno la sindano, kana kwamba mtu amekidunga kifaa dawa mbaya. Mfasiri wa haraka angeweza kusema "kudunga amri" au "sindano ya amri". Tunaona kwamba tafsiri hiyo, ingawa si kosa, inapotosha picha. Anayedunga hutoboa ngozi, hupita pasipo na mlango. Lakini katika kasoro tunayoizungumzia hakuna kilichotobolewa. Maandishi mabaya yamepita katika nafasi ileile halali iliyowekwa kwa ajili ya maandishi mema.

Kitenzi "penyeza" kinaifaa dhana hii zaidi. Kimetokana na "penya", na kwa mnyambuliko wa kusababisha kinamaanisha kupitisha kitu mahali pembamba, mara nyingi kwa siri. Wahenga waliposema "Penye udhia, penyeza rupia", hawakuwa na maana ya kuvunja mlango, bali ya kupitisha kitu kidogo chini chini mpaka mlango ufunguke wenyewe. Maana hiyo ya siri, ya wembamba wa njia, na ya kumfanya mlinzi mwenyewe afungue, ndiyo hasa tunayoihitaji. Tena kitenzi hiki huzaa maneno bila taabu: mpenyezaji, upenyezaji, kupenyezewa. Kwa sababu hizo tunapendekeza "upenyezaji wa amri", na ndivyo tutakavyoandika hadi mwisho wa makala.

3. Mifano minne

3.1 Jina la saa. Mwezi wa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani walikatikiwa na intaneti, na wengi wao simu na televisheni pia. Chanzo kilikuwa programu haribifu iliyotokana na Mirai, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imeteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Mirai ndiyo iliyotumiwa tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Toleo la Novemba liliongeza mbinu mpya. Lilibisha katika mlango namba 7547, ambao makampuni ya simu huutumia kuzisimamia ruta za wateja kutoka mbali, na kuiambia ruta ibadilishe seva inayoipatia saa sahihi. Katika nafasi ya jina la seva hiyo ya saa, ndipo amri ilipopenyezwa.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha jambo la kuzingatiwa: ruta za Ujerumani zenyewe hazikuwa na kasoro ya upenyezaji. Zililemewa tu na wingi wa mabisho zikaganda. Kasoro yenyewe ilikuwa katika ruta nyingine, zikiwemo zile zilizogawiwa na kampuni ya Eir huko Ireland. Kwa hiyo kifaa chaweza kuumia kwa sababu ya kasoro iliyo katika nyumba ya mtu mwingine. Tena jambo hili halikuwa la Ulaya peke yake. Mwingereza aliyehukumiwa kwa shambulio hilo mjini Köln mwaka 2017 alihukumiwa tena London mwezi wa Januari 2019, kifungo cha miezi 32, kwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar ya nchini Liberia kwa jeshi la vifaa alivyoviteka. Vifaa vidogo vya majumbani, vilivyotekwa kwa siri bila wenyewe kujua, viligeuzwa silaha dhidi ya kampuni ya simu ya Afrika.

3.2 Jina la ukurasa. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 2016 ilitangazwa kasoro ya ruta kadhaa za Netgear, zikiwemo R7000 na R6400. Hapa penye pengo palikuwa ni anwani ya ukurasa wa ruta: mtu akiongeza nukta-mkato na amri mwishoni mwa anwani hiyo, ruta iliitekeleza amri bila kudai neno la siri. Mtafiti alikuwa ameiarifu kampuni tangu Agosti. Hatari ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana, kwani mshambulizi hakuhitaji kuwa ndani ya nyumba. Ilitosha mwenye nyumba afungue tovuti ovu, na kivinjari chake mwenyewe, kilicho ndani ya nyumba, kiitwe kuipelekea ruta anwani ile. Kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kiliwashauri wenye ruta hizo wafikirie kuacha kuzitumia mpaka rekebisho litoke. Wataalamu wengine walipendekeza dawa ya muda: kuitumia kasoro hiyohiyo kumpenyezea mkalimani amri ya kuuzima ukurasa wa usimamizi. Dawa hiyo ilifanya kazi mpaka ruta ilipowashwa upya.

3.3 Jina la nchi. Katika mashindano ya utafiti wa usalama yaitwayo Pwn2Own, yaliyofanyika Toronto mwezi wa Desemba 2022, ilionyeshwa kasoro ya ruta ya TP-Link aina ya Archer AX21. Ruta hiyo humwuliza mwenyewe yumo katika nchi gani, ili irekebishe mipangilio yake. Nafasi ya nchi, ambayo ilipaswa kupokea jina moja kati ya orodha inayojulikana, ilikuwa inakabidhiwa kwa mkalimani bila kukaguliwa. Kampuni ilitoa rekebisho mwezi wa Machi 2023. Mwezi wa Aprili, warithi wa Mirai walikuwa tayari wanaitumia kasoro hiyo kuteka ruta ambazo hazijarekebishwa. Muda kati ya dawa na ugonjwa ulikuwa wa majuma machache. Aliyerekebisha ruta yake katika majuma hayo alipona, na aliyengoja alibaki wazi.

3.4 Jina la mtumiaji. Mwezi wa Novemba 2024 ilitangazwa kasoro ya visanduku vya kuhifadhia mafaili vya D-Link, vikiwemo DNS-320 na DNS-325. Safari hii pengo lilikuwa katika ukurasa wa kusajili watumiaji, mahali pa kuandika jina la mtumiaji mpya. Kampuni ilijibu kwamba vifaa hivyo vimepitisha umri wa kuhudumiwa, kwamba hakuna rekebisho litakalotolewa, na kwamba wenye navyo waviondoe na kununua vingine. Kwa mtu aliyehifadhi humo tasnifu yake na picha za watoto wake, jibu hilo ni chungu, lakini ndilo jibu lililopo.

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona ufanano mmoja. Saa, ukurasa, nchi, mtumiaji: kila mara amri ilipenyezwa mahali palipotengewa jina. Hakuna hata mara moja ambapo mtengenezaji alikusudia kumwachia mgeni nafasi ya kuamuru. Alimwachia nafasi ya kutaja tu, akasahau kwamba mkalimani wake hajui tofauti ya kutaja na kuamuru.

4. Kwa nini kasoro hii haikomi

Sababu ya kwanza ni wepesi wa kazi. Mtengenezaji anayetaka ruta yake ipige hodi mahali fulani ana njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha maneno yote kuwa mstari mmoja na kumkabidhi mkalimani. Njia hii huchukua mstari mmoja wa programu. Ya pili ni kuiita programu ya ping moja kwa moja, na kuikabidhi anwani kando, kama kitu kilichofungwa katika bahasha yake. Kwa njia hii ya pili, nukta-mkato iliyomo ndani ya bahasha hubaki kuwa herufi tu. Haina wa kuitafsiri, kwa kuwa mkalimani hakuhusishwa. Njia ya pili ni ndefu kidogo tu, lakini bidhaa zinazouzwa kwa bei ya chini hutengenezwa kwa haraka.

Sababu ya pili ni urithi. Programu ya ruta moja hunakiliwa katika aina nyingine kumi, na kosa lililoandikwa mara moja huhama pamoja nayo. Ya tatu ni umri. Ruta hufanya kazi miaka kumi, ilhali mtengenezaji huacha kuihudumia mapema zaidi. Mwezi wa Julai 2024 shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, likiwa pamoja na FBI, liliwahimiza watengenezaji waiondoe kasoro hii kabisa kiwandani, kwa hoja kwamba namna ya kuizuia inajulikana tangu zamani.

Kwa upande wa sheria, hali imeanza kubadilika. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vyenye neno la siri moja kwa wote, na humtaka mtengenezaji atangaze muda atakaokihudumia kifaa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni yake mwaka 2024, na wajibu wake mkubwa utaanza kutumika mwezi wa Desemba 2027. Nchini kwetu, Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila haki. Lakini adhabu humfikia mwizi aliyejulikana. Kabla ya hapo, ulinzi wa mlango ni wa mwenye nyumba.

5. Hatua za kujikinga

Mwenye nyumba hawezi kuiandika upya programu ya ruta yake. Hawezi kumfundisha mkalimani adabu. Analoweza ni mambo matatu: kupunguza idadi ya wageni wanaoweza kusema na kifaa chake, kukubali marekebisho yanapotolewa, na kukiondoa kifaa kilichoachwa na mtengenezaji wake. Hatua zifuatazo zote zinatokana na hayo matatu.

a) Kubadilisha neno la siri la usimamizi. Ruta ina maneno mawili ya siri, na watu wengi hulijua moja tu. La kwanza ni la kuingilia katika mtandao wa Wi-Fi, ambalo wageni hupewa. La pili ni la kuingilia katika ukurasa wa usimamizi, na mara nyingi hubaki kama lilivyotoka kiwandani. Hilo la pili libadilishwe, liwe refu, na lisifanane na la kwanza. Kasoro nyingine za upenyezaji hazihitaji neno la siri, kama tulivyoona, lakini nyingi hulihitaji.

b) Kuzima usimamizi wa kutoka mbali. Katika ukurasa wa usimamizi mna chaguo linaloruhusu ruta isimamiwe kutoka nje kupitia intaneti. Mtu asiyelihitaji alizime. Vilevile izimwe huduma ijulikanayo kwa herufi UPnP, ambayo huviruhusu vifaa vya ndani vifungue milango ya nje bila kumwuliza mwenye nyumba, isipokuwa kama kuna kifaa kinachoihitaji kweli.

c) Kukubali marekebisho. Aina ya ruta huandikwa kwenye kibandiko chake, aghalabu upande wa chini. Kwa jina hilo mwenye nyumba ataweza kutafuta katika tovuti ya mtengenezaji kama kuna toleo jipya la programu. Ruta mpya huweza kujirekebisha zenyewe, mradi chaguo hilo limewashwa. Katika mazingira yetu kuna tahadhari mbili. Marekebisho hutumia mega ambazo mtu amezilipia, kwa hiyo ni vyema kuzitenga mapema. Tena umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kifaa chaweza kufa kabisa. Ifanywe basi saa ambayo umeme ni thabiti, au ruta ikiwa imeunganishwa na betri. Ikiwa ruta ni mali ya kampuni ya simu, mteja ana haki ya kuiuliza kampuni hiyo ni lini iliirekebisha mara ya mwisho.

d) Kufunga ukurasa wa usimamizi baada ya kuutumia. Mfano wa Netgear umeonyesha kwamba kivinjari cha mwenye nyumba chaweza kutumiwa dhidi yake. Mtu anayebadilisha mipangilio ya ruta asifungue tovuti nyingine wakati huohuo, na akimaliza atoke kwa kubonyeza kitufe cha kutoka, asifunge dirisha tu. Desturi hii huzisaidia ruta zinazodai neno la siri. Kwa kasoro isiyodai neno la siri, rekebisho pekee ndilo dawa.

e) Kutenga vifaa. Ruta nyingi zina uwezo wa kuanzisha mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Kamera, televisheni na vifaa vya bei nafuu viwekwe huko, ili kimoja kikitekwa kisiweze kuzifikia kompyuta zenye kazi za masomo na mafaili ya mitihani.

f) Kuwasha upya, kwa kujua mipaka yake. Programu haribifu kama Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda, na hufutika ruta inapozimwa na kuwashwa. Lakini mlango ukibaki wazi itarudi upesi. Kuwasha upya ni kumtoa mwizi nje, si kutia kufuli.

g) Kujua umri wa kifaa. Mtu anayenunua ruta iliyotumika, kama zile zinazoletwa kutoka nje na kuuzwa sokoni, atafute kwanza kama mtengenezaji bado anaihudumia. Akikuta imeachwa, bei yake ndogo isimdanganye. Akishainunua ruta inayohudumiwa, airudishe katika hali ya kiwandani kabla ya kuitumia, kwani hajui mwenye nayo wa kwanza aliacha nini ndani yake.

Wanafunzi wetu wanaojifunza kuandika programu wana wajibu wa ziada, nao waweza kusemwa kwa maneno machache. Jina lisiunganishwe kamwe na amri katika mstari mmoja. Programu iitwe moja kwa moja, na jina lipewe bahasha yake. Penye orodha inayojulikana, kama ile ya nchi, kipokelewe kilichomo katika orodha tu na kingine kikataliwe. Na programu inayopokea maneno ya wageni isipewe mamlaka ya mtumiaji mkuu.

6. Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba upenyezaji wa amri ni kosa la kuchanganya ngazi mbili za lugha, ile ya kutaja na ile ya kuamuru, katika mashine isiyoweza kuzitofautisha kwa maana. Tumeona kwamba kosa hilo limejirudia mahali pa saa, pa ukurasa, pa nchi na pa jina la mtu, na kwamba madhara yake huvuka mipaka ya nyumba na ya bara. Ruta iliyotekwa hula mega za mwenyewe, yaweza kuwapeleka watoto wake katika kurasa za uongo zinazofanana na za benki au za pesa za simu, na yaweza kutumwa kumshambulia mtu asiyemjua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba, kuziba ufa huo huanza na kazi ya nusu saa: kukigeuza kisanduku, kusoma kibandiko chake, kuuliza kama mtengenezaji bado anakihudumia, na kubadilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Kwa idara za Kiswahili, kazi ni ya muda mrefu zaidi. Istilahi tuliyoipendekeza hapa ni moja tu, na hatari zinazohitaji majina ni nyingi. Tunawaalika wenzetu wa isimu, pamoja na wale wa kitivo cha sayansi, waijadili, waikosoe na waiongezee nyingine, ili mwananchi anayefundishwa kujikinga afundishwe kwa maneno anayoyaelewa.